Alama za Mizinga Ukutani

Kanisa letu liko juu ya kilima kidogo, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka Siakago. Ni kigango tu. Padre huja Jumapili mbili kwa mwezi, na zile nyingine katekista hutuongoza. Kuta ni za mawe ya kijivu ambayo hakuna mawili yanayolingana, na mabati ya paa yameshika kutu. Mgeni akilitazama kutoka barabarani anaweza kudhani ni ghala la pamba.

Upande wa kulia wa mlango, kwenye usawa wa kifua, kuna jiwe lililochongwa mistari miwili iliyopishana kama mkasi uliofunguliwa, na mstari mmoja mfupi chini yake. Hiyo ndiyo alama ya nyumba yetu. Utaikuta pia kwenye mizinga yetu yote iliyotundikwa kwenye migunga kule bondeni. Kwetu mzinga wa nyuki hauna kufuli wala mlinzi. Una alama ya mwenyewe tu, iliyochongwa kwenye gogo, na mtu akipita chini anajua asali iliyo juu ni ya nani.

Mawe ya kanisa yalipata alama kwa namna hiyohiyo. Miaka michache baada ya uhuru, padre mzee kutoka Ulaya, aliyekuwa akizunguka huku kwa pikipiki, aliwaomba Wakristo wa kwanza walete mawe kutoka mlimani, kila nyumba mawe yake. Wanaume waliyabeba begani. Ili kusiwe na ubishi kuhusu nani ameleta na nani amelala, kila mmoja alichonga kwenye jiwe lake alama ya mzinga wake. Baba yake babu yangu alichagua jiwe kubwa kuliko yote aliyoweza kubeba, akaomba liwekwe karibu na mlango. Babu alikuwa naye siku hiyo, akiwa kijana anayetafuta mchumba.

Nilipomaliza darasa la nane na kubaki nyumbani, babu alikuwa haoni tena. Macho yake yalififia polepole, jicho moja kwanza, halafu la pili. Kazi ya kumwongoza ikawa yangu. Nina jina la marehemu nyanya, kwa hiyo babu huniita mke wangu, kama ilivyo desturi kwetu, na hunitania kama mke. Chai ikiwa na majani mengi atauliza nani ameniudhi. Nikichelewa mtoni atasema amesikia nimeonekana na mwanamume mwingine. Mimi si mtu wa maneno. Shuleni mwalimu akiniuliza swali nilikuwa nashika pumzi mpaka akahamia kwa mwingine. Lakini babu nilikuwa namjibu, pengine kwa sababu hakuona uso wangu ninapojibu.

Kila Jumapili tulipofika mlangoni mwa kanisa, babu aliachia bega langu, akanyoosha mkono, akapapasa ukuta mpaka vidole vikaingia kwenye ule mkasi. Alivifuatisha kwenye mistari yote mitatu. Kisha alivua kofia na kuingia, na kutoka hapo hakuhitaji bega langu. Alizihesabu benchi kwa goti lake mpaka akafika kwenye yake. Aliniambia kwamba akishashika lile jiwe, kanisa zima humjia kichwani kama alivyoliona siku ya kwanza.

Halafu tukatangaziwa kwamba askofu atakuja kutoa kipaimara. Mwenyekiti wa kamati, mwalimu mstaafu aliyenifundisha darasa la nne, alisimama akasema kanisa la mjini limepigwa plasta na kupakwa rangi ya maziwa, na letu bado linafanana na boma la ng'ombe. Kamati ilikuwa imeamua. Plasta ndani na nje, halafu rangi. Watu walipiga makofi, na mimi pia nilipiga, kwa sababu huwa napiga wengine wakipiga.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani babu aliuliza, "Mke wangu, plasta inapita juu ya mawe yote?"

Nilimwambia ndiyo.

"Hata pale mlangoni?"

"Hata pale."

Tulivuka mchanga wa mto. Hapo alisema kwamba basi atakuwa anaingia kanisani kama mgeni, akiulizia njia.

Wiki hiyo aliniomba nimpeleke kwa mwenyekiti. Mwenyekiti alitupokea vizuri, akatupa uji, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa heshima kwamba jiwe la mzee mmoja haliwezi kuzuia kanisa zima, na kwamba wakiacha tundu kwa ajili ya huyu, kesho wataacha kwa ajili ya yule, na ukuta utakuwa kama chujio. Babu alishukuru kwa uji. Babu haombi kitu mara mbili. Tuliporudi alikaa mlangoni pa nyumba yake akachonga mpini wa jembe ambao hakuna aliyekuwa ameuhitaji.

Simiti ililetwa kwa gari Ijumaa. Jumamosi ilikuwa zamu yetu wasichana kufagia kanisa, na tukaambiwa tusogeze kabati la sakristia ili mifuko ipate nafasi. Nyuma ya kabati, kimeegemea ukuta, kulikuwa na kitu kipana kimefungwa kwa kitambaa cha zamani cha altare. Wenzangu walikuwa wanacheka na fundi aliyeleta simiti. Nilikifungua peke yangu.

Kilikuwa kitabu cha picha, kizito kama jiwe la kusagia. Ndani ya jalada kulikuwa na jina la yule padre mzee wa pikipiki, ambaye alirudi kwao kabla sijazaliwa. Maneno yote yalikuwa ya lugha nisiyoijua, lakini picha hazikuhitaji lugha. Yalikuwa makanisa ya kwao, Ulaya yote. Nilikaa juu ya mfuko wa simiti nikafungua ukurasa mmoja mmoja, na nilipoinua kichwa wenzangu walikuwa wameshamaliza kufagia na kwenda.

Sijui namna ya kueleza nilivyojisikia. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba jengo kubwa ni lile la ghorofa tatu pale Embu mjini. Hapa kulikuwa na kanisa lenye minara miwili myeusi, mirefu mpaka watu waliokuwa chini walionekana kama siafu, na mawe ya minara hiyo yalikuwa yametobolewa matundu madogo mengi, unaweza kudhani ni kitambaa kilichofumwa kwa sindano. Chini ya picha kulikuwa na miaka miwili yenye kistari katikati. Hesabu ni kitu nilichokuwa naweza. Nilitoa mmoja kwa mwingine juu ya vumbi la simiti kwa kidole, nikapata zaidi ya miaka mia sita. Nilidhani nimekosea. Nilifuta, nikarudia, ikawa ileile. Walilianza watu ambao walijua hawataliona likiisha, na watoto wao hawataliona, na bado kila jiwe la chini lilichongwa kwa uangalifu kana kwamba litazinduliwa kesho.

Kulikuwa na kanisa lililojengwa juu ya mwamba katikati ya bahari, nyumba zimelizunguka zikipanda, na malaika mdogo wa dhahabu kwenye ncha kabisa. Kulikuwa na jingine la mbao tupu, katika nchi ya theluji, paa juu ya paa juu ya paa, na mbao zake zimepangwa kama magamba ya kakakuona. Moja lilikuwa halina paa hata kidogo. Kuta zilibaki na matao yake, na ndani, mahali ambapo watu walipiga magoti zamani, nyasi zilikuwa zimeota fupi na kijani kama zimeliwa na kondoo. Hata hilo walikuwa wameliacha lisimame. Hakuna aliyechukua mawe yake kujengea choo.

Picha niliyoipenda zaidi ni ya dirisha la mviringo. Mpiga picha alisimama ndani gizani akalielekea. Vioo vidogo vya rangi, buluu nyingi na nyekundu kidogo, vimepangwa kwa duara kama petali, na mwanga ulipopita ulianguka sakafuni ukiwa na rangi zote. Nilifikiri juu ya mtu aliyekuwa akifagia kanisa lile. Kila asubuhi alifagia juu ya buluu.

Na kulikuwa na ukurasa mmoja wa ukuta tu. Hakuna mnara wala dirisha. Ukuta wa mawe umepigwa picha kwa karibu, na juu ya mawe, alama. Mshale. Nyota ya mistari mitano. Kitu kama herufi iliyopinduliwa. Na kwenye kona ya chini, mistari miwili iliyopishana kama mkasi.

Nilimwomba katekista ruhusa ya kwenda na kitabu nyumbani. Ilibidi aniulize mara tatu nimesema nini. Alikubali, akaniambia nisikiweke karibu na moshi.

Jumatatu mchana babu alikuwa uani anapura ndengu, akipiga gunia kwa fimbo, na mimi napepeta. Nilimwambia nimeona makanisa. Nilimweleza la minara, na la mwamba, na la mbao. Alisikiliza akiwa ameacha fimbo. La minara alinitaka nilirudie mara mbili. Aliuliza mawe yalipandishwaje, nikasema sijui, akasema hata yeye hajui lakini anawaonea huruma ng'ombe wao. Kisha nilichukua mkono wake, nikaufungua, na kwa kidole nikamchorea kiganjani zile alama za ukutani, moja baada ya nyingine. Mshale. Nyota. Nilipofika kwenye mkasi alifunga kiganja na kidole changu kikiwa ndani.

"Hao ni wafuga nyuki," alisema.

Nilimwambia ni Wazungu, babu.

"Mzungu hali asali? Nani mwingine anaweka alama hivyo? Chora tena ule wa kwetu."

Nilichora tena. Aliuliza kama una mstari mfupi chini yake. Hauna, nilisema. Akafikiri, akatoa hukumu kwamba basi ni ukoo wetu lakini si nyumba yetu, mstari mfupi uliongezwa na baba yake. Kuanzia siku hiyo hakuwa na shaka. Watu waliojenga minara ile walikuwa na mizinga. Mimi nilimwamini kabisa. Usiku na mchana nilikuwa nawaona kichwani, wanaume wanashuka kutoka kwenye migunga na nyuki bado kwenye nywele, wananawa mikono, wanachukua patasi na kwenda kujenga lile kanisa la miaka mia sita. Niliona hata mizinga imetundikwa kwenye yale matundu ya mnara. Palikuwa mahali pazuri pa nyuki. Hakuna mtoto ambaye angefika kurusha mawe.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya padre. Alikuwa padre kijana, mtu wa upande wa Meru, na tulikuwa tumesikia kwamba alisoma Roma miaka miwili. Nilimsubiri nje ya sakristia na kitabu kifuani. Nilikuwa nimepanga maneno lakini yaliondoka, kwa hiyo nilimpa tu kitabu kikiwa wazi kwenye ukurasa wa ukuta. Alikitazama, akanitazama, akaketi kwenye ngazi na kuanza kusoma yale maneno kana kwamba ni gazeti.

Aliniambia kanisa la minara liko Ujerumani, na lile la mbao liko Norwe. La dirisha liko Ufaransa, na yeye mwenyewe aliwahi kulifikia kwa treni akakaa ndani mpaka walinzi walipomtoa. Alifungua ukurasa ambao sikuwa nimeuelewa, picha ya nguzo ya mawe yenye mashimo matano madogo. Alisema iko Hispania. Watu huenda huko kwa miguu, wiki nyingi, na wakifika huweka mkono kwenye nguzo ile. Wamefanya hivyo miaka mingi mpaka vidole vyao vimechimba jiwe. Alinyoosha mkono wake hewani akanionyesha jinsi vidole vitano vinavyoingia.

Nilimwambia, bila kupanga, kwamba babu hufanya hivyo.

Ndipo nikamweleza yote, ya mizinga na mkasi na plasta. Hakucheka. Aliniambia tu kwamba zile alama si za mizinga. Zilikuwa za waashi. Kila mwashi aliweka yake kwenye jiwe alilochonga ili kazi yake ijulikane na alipwe. Nadhani aliona uso wangu, kwa sababu aliongeza haraka kwamba mishumaa ya makanisa yale yote ilikuwa ya nta ya nyuki, kwa hiyo mzee hakukosea sana.

Nilimwuliza kama anaweza kukataza plasta. Alisema yeye ni mgeni, ana miezi michache tu hapa, na kanisa walilijenga wenyeji. Angeweza kuwaomba kamati wazungumze tena kabla fundi hajaanza. Lakini mtu mwenye neno ndiye alilete, alisema. Mkutano ungekuwa baada ya Misa yake ijayo, na fundi angeanza kesho yake.

Nilikuwa na wiki mbili. Nilijua siwezi kusimama na kusema, kwa hiyo niliamua kuandika. Mimi huandika polepole. Neno moja hulitazama mpaka linaonekana geni. Nilichana karatasi nyingi za daftari la ndugu yangu mdogo mpaka akaanza kulificha. Mwishoni nilibaki na mistari minne. Babu sikumwambia chochote kuhusu waashi. Nilijaribu mara moja, tukiwa tunakula, lakini alikuwa anamweleza jirani jinsi ukoo wetu ulivyofika Ulaya, na jirani alikuwa anatikisa kichwa kwa mshangao.

Siku ya mkutano watu wengi walibaki, kwa sababu habari ya rangi ilikuwa imewagawa. Wengine walitaka ya maziwa na wengine ya kijani. Mwenyekiti alifungua barua yangu akaisoma kwa sauti yake ya darasani. Humo niliomba wasipige plasta upande wa mlango. Nilisema katika kitabu cha padre mzee kuna makanisa ya zamani sana, na mawe yake hayakufunikwa. Nilisema mawe hayo yana alama kama yetu. Niliomba watazame.

"Mwandishi asimame atueleze," alisema mwenyekiti.

Nilisimama. Niliona midomo ya watu ikianza kutabasamu. Mbele yangu alikuwa ameketi kiongozi wa akina mama, mwanamke mpana anayeuza ndengu sokoni Siakago, ambaye sauti yake husikika ng'ambo ya mto. Aligeuka akasema msichana huyu amemjua tangu akiwa mgongoni na hajawahi kusikia akisema hata nina njaa, kwa hiyo watu wanyamaze, leo ni siku kubwa. Walicheka. Nilifungua kitabu, nikatembea mpaka mbele, nikakiweka juu ya meza ya mwenyekiti.

"Huko waliyaacha mawe yaonekane," nilisema. "Na watu bado wanakuja kuyashika."

Hayo ndiyo maneno yote niliyoyapata. Nilibaki nimesimama hapo kwa sababu sikujua namna ya kurudi.

Mwenyekiti alivaa miwani. Alifungua ukurasa, na mwingine, na mwingine, na niliona kwamba hakuwa tena mwenyekiti bali mwalimu. Alisahau mkutano. Alipofika kwenye dirisha la mviringo alikiinua kitabu akawaonyesha watu, akizunguka polepole kama alivyokuwa akituonyesha ramani. Benchi za mbele zilisimama ili zione, na za nyuma zikaja mbele. Kitabu kilianza kupita mikononi. Watu walikuwa wanashusha sauti zao bila kuambiwa.

Kisha mwenyekiti alirudi kwenye ukurasa wa ukuta na kumwuliza padre alama hizi ni za nini hasa. Padre alinitazama kidogo. Alisema ukweli, kwamba ni za waashi, ili kila mmoja ajulikane kwa kazi yake na apate malipo yake.

"Kwa hiyo si mizinga," alisema mwenyekiti.

Watu walicheka, maana hadithi ya babu ilikuwa imeshafika kila boma. Nilimtazama babu. Alikuwa amekaa wima kwenye benchi yake, kofia juu ya goti.

"Mwalimu," alisema, "na mzinga huwekwa alama ya nini? Si ili mtu asinyang'anywe jasho lake?"

Kicheko kilikatika. Mzee mmoja aliyekuwa ameshika kitabu alisema kwamba huu mshale ni kama wa kwao, ila wa kwao una manyoya. Mwingine akasema wenye manyoya ni wa kwake yeye, wa mwenzake hauna kitu. Walitoka nje kwenda kutazama. Wengine wakawafuata, na kabla mwenyekiti hajasema lolote kanisa lilikuwa limebaki na yeye, padre, babu na mimi.

Tulipotoka, watu walikuwa wametapakaa kando ya kuta zote nne. Walikuwa wanakwangua kuvu kwa funguo na kwa kucha, wakiitana. Wale wazee wawili wa mshale walikuwa wamefikia kugombana juu ya mzinga ulioibwa wakiwa vijana. Mwanamume mmoja ambaye huja kanisani Krismasi tu alikuwa amechuchumaa mbele ya jiwe la chini kabisa, ameweka kiganja juu yake. Watoto walikuwa wanauliza yetu iko wapi, yetu iko wapi.

Kiongozi wa akina mama alikuwa amesimama mbali na ukuta, mikono kiunoni.

"Na maji?" alisema. Hakupaza sauti sana, lakini yake haihitaji kupazwa. Alisema mama yake na wenzake walibeba maji kutoka mtoni kwa madebe, msimu mzima wa kiangazi, na simiti iliyoshika mawe haya ilikorogwa kwa maji yale. "Alama zao ziko wapi? Pigeni plasta, msipige, mgongo wa mama yangu hauko kwenye ukuta huu."

Wale wa mshale waliacha kugombana. Mimi niliona aibu, kwa sababu katika kitabu chote, na kati ya wale wajenzi wote niliokuwa nawawaza, sikuwa nimemwona mwanamke hata mmoja, na minara ile yote kuna mtu aliyeibebea maji.

Ni yeye mwenyewe aliyemaliza mkutano. Alisema simiti ipo, imeshalipiwa, na paa la kanisa linamwaga maji ya mvua bure kila mwaka huku wanawake wakienda mtoni. Wajenge tangi. Ukuta wauoshe kwa brashi. Mwenyekiti aliomba mikono. Babu alinigusa bega kwa kidole akaniuliza imeinuka mingapi. Nilimwambia siwezi kuihesabu. Aliuliza wa mwenyekiti umo. Ulikuwemo.

Fundi alijenga tangi wiki zilizofuata, la mviringo, upande wa nyuma. Siku ya kulipiga plasta akina mama walikuja wote. Kabla haijakauka kila mmoja aliweka alama. Wengi walibandika viganja. Kiongozi wao alibandika viwili, kimoja cha mama yake, alisema, ingawa vyote vilikuwa vyake. Nilisubiri mpaka wamalize. Nilichukua kijiti nikachora karibu na bomba duara dogo, na ndani yake petali, zile za dirisha.

Askofu alikuja. Alizunguka kanisa lote akiwa na mwenyekiti, ambaye alimweleza alama moja baada ya nyingine kana kwamba yeye ndiye aliyezichonga. Kitabu sasa kimewekwa ndani ya kabati, na mwenyekiti huwafundisha watoto wa kipaimara kwa picha zake. Mimi bado hukifungua Jumamosi nikishafagia. Nimeshazijua kurasa zote, na dirisha lile bado hunifanya nishike pumzi.

Jumapili ya kwanza baada ya tangi kukauka, babu alishika mkasi wake mlangoni kama kawaida, lakini hakuvua kofia. Aliniambia nimpeleke kwenye alama yangu. Alipapasa viganja vya akina mama vyote njiani, akitaja mwenye mkono mdogo na mwenye pete. Alipofika kwenye duara vidole vyake vililizunguka mara mbili.

"Hii ni nini? Ua?"

Nilimwambia ni dirisha. Akauliza la wapi, nikamwambia ni la Ufaransa.

"Umeolewa kwangu, halafu unaweka alama ya kwingine," alisema. "Na ndogo hivi. Nani ataiona?"

Nilimwambia hata ningeichora kubwa kama gurudumu, yeye asingeiona. Alicheka mpaka katekista akachungulia kutoka ndani. Kisha aliipapasa tena, polepole, petali moja moja, akihesabu.

Siku hizi tunaondoka nyumbani mapema zaidi, kwa sababu baada ya mkasi ni lazima tuzunguke mpaka kwenye tangi.